Asitoke Ukumbini Akiwa Hakimu

Wiki ya Siku ya UKIMWI Duniani ya mwaka 2010 ilipokaribia, klabu yetu ya waelimishaji rika ilikuwa na karibu kila kitu. Ukumbi tulishapewa na ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Projekta ilikuwepo, spika tuliazima kwa wanakwaya, maboksi ya kondomu yalishafika, na nesi wa zahanati ya chuo alikubali kukaa jirani na ukumbi na vipimo vyake mpaka usiku. Kilichobaki ni filamu. Nilikuwa katibu wa klabu, hivyo nikakabidhiwa kazi ya kukusanya majina ya filamu, kutafuta nakala na kuleta mapendekezo kwenye kamati. Wajumbe wengi waliiona kazi hiyo nyepesi kuliko zote. Tangu nimalize chuo nimefanya kazi na vijana kwenye mambo ya afya, na hakuna kikao kilichonifundisha mengi kuliko vikao vile vya kuchagua filamu.

Tuliamua kuonyesha filamu kwa sababu mihadhara ilikuwa imewachosha watu. Mtoa mada alikuwa akifika na kompyuta yake, anasoma takwimu, anahimiza kuacha ngono, kuwa mwaminifu au kutumia kinga, kisha anauliza kama kuna swali. Hakuna aliyenyoosha mkono. Waliokuja walikuwa walewale, wanaklabu na marafiki zao, na siku nyingine viti vya nyuma vilijaa pale tu iliposikika kwamba kuna soda. Lakini ukitoka nje ya geti la chuo, vibanda umiza vilifurika. Huko mwanafunzi alilipa hela yake ya bumu, akabanana kwenye benchi, akatazama mpira au filamu mpaka mwisho na kurudi hosteli akiibishania njia nzima. Tulitaka ubishi ule uingie ukumbini kwetu, ila uhusu mambo ambayo wanafunzi walikuwa wakiyanong'ona tu.

Mapendekezo yalikuja mengi. Kundi la kwanza lilitaka tusionyeshe hadithi kabisa. Lilitaka picha za magonjwa ya zinaa kama zile za kwenye vitabu vya udaktari, zikuzwe ukutani, watu waone vidonda na usaha, waogope, waache. Hoja yao ilikuwa na wafuasi, maana hofu ni kitu kinachoonekana. Ukumbi unapiga kelele, watu wanafumba macho, na mwandaaji anakwenda kulala akiamini ujumbe umefika.

Nesi wetu ndiye aliyeizima hoja hiyo. Alikuwa mama wa makamo, mtaratibu, na wote tulimwita sista. Alisema, "Wanangu, huyo mtakayemwonyesha vidonda akienda kujitazama bafuni asione kidonda, atajiambiaje? Si atasema yeye mzima?" Kisha akatueleza kwamba watu wengi wenye klamidia, hasa wanawake, hawaoni dalili yoyote, wala hawasikii maumivu. Ugonjwa unakaa kimya, na usipotibiwa unaweza kuharibu mirija ya uzazi, mtu akaja kuhangaika miaka ya baadaye akitafuta mtoto. Virusi vya UKIMWI navyo vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila mtu kuonekana mgonjwa. Picha ya kutisha humfundisha mtazamaji kwamba mgonjwa ni yule anayetisha. Anatoka hapo amewagawa wenzake kwa sura, wasafi huku na wachafu kule, na yeye mwenyewe amejiweka upande wa wasafi.

Kundi la pili lilitaka filamu ya kuliza. Jina lililotajwa zaidi ni *Yesterday*, filamu ya Afrika Kusini ya mwaka 2004 iliyotengenezwa kwa Kizulu na kuongozwa na Darrell Roodt, ambayo iliingia kwenye mchuano wa Oscar wa filamu za lugha za kigeni. Leleti Khumalo anaigiza mama wa kijijini KwaZulu-Natal anayegundua kwamba ana virusi, wakati mumewe akifanya kazi migodini Johannesburg. Mume anarudi hoi, wanakijiji wanamtenga, na mke yuleyule aliyeambukizwa naye anamjengea kibanda cha mabati chakavu nje ya kijiji ili amuuguze. Tamaa yake ni moja, kuishi mpaka amwone binti yake akianza shule. Niliitazama filamu ile kwa heshima kubwa, na hadi leo naihesabu miongoni mwa kazi bora za bara letu.

Hata hivyo, swali letu halikuwa ubora wa filamu. Tulikuwa tunauliza itafanya nini ndani ya ukumbi wetu, kwa watu wetu, mwaka ule. Kwa mwanafunzi wa miaka 21 anayewazia sapu na bumu lililochelewa, mama wa kijijini na mume wa migodini ni watu wa kuwahurumia. Angelia, kisha angerudi hosteli akiwa amemlilia mtu mwingine. Kulikuwa pia na suala la wakati. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi filamu, nyimbo na mabango yetu yalisema jambo moja tu, kwamba ukiupata umekwisha. Ila kuanzia Oktoba 2004 dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure kwenye hospitali zetu, na Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe, Mama Salma, walipima hadharani Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kuzindua kampeni ya taifa ya kupima kwa hiari. Sisi nasi tungekuwa na nesi mwenye vipimo hatua chache kutoka mlangoni. Ungewezaje kumwonyesha mtu hadithi ambayo kujua hali yako ni mwanzo wa kuaga dunia, halafu taa zikiwaka umwambie akapime?

Wengine walitaja *Neria*, filamu ya Zimbabwe ya mwaka 1993 ambayo wengi wetu tuliikuta ikipendwa nyumbani. Hiyo haikutuchukua muda, kwani inahusu mjane na mirathi. Wengine wakataja filamu za Kibongo zilizokuwa zikiuzwa kwenye kila meza ya DVD. Mvuto zilikuwa nao, na Kiswahili chake kilieleweka mpaka kwa mpishi wa kantini, lakini zile tulizozipata zilikuwa na mtindo uleule: binti mwenye tamaa ya mjini anapata gonjwa katika dakika za mwisho, kama adhabu.

Katika kuhangaika huko tulimwendea mhadhiri mmoja wa historia. Yeye hakututajia filamu yoyote. Alituambia tujue kwanza kwamba hatukuwa wa kwanza. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza waliweka kituo cha kutengenezea filamu Vugiri, kwenye milima ya Usambara, wakapiga filamu za kuwafundisha Waafrika kuhusu kodi, kilimo, benki ya posta na safura. Lori lilizizungusha Tanganyika na nchi za jirani, maelezo yakichezwa kwenye santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine. Baadaye Kitengo cha Filamu cha Makoloni kikatoa filamu kuhusu magonjwa ya zinaa ambayo iliwaita wahusika wake wawili Bwana Mwerevu na Bwana Mpumbavu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja filamu za Kiswahili kama *Muhogo Mchungu*, ambamo Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, alikuwa mwigizaji.

"Sasa niambieni," alisema mhadhiri, "nani aliwahi kuingia kutazama filamu hiyo akajiona yeye ndiye Bwana Mpumbavu?"

Swali hilo ndilo lililotupa kipimo. Filamu za mafundisho zimekuwa zikimkalisha mtazamaji kwenye kiti cha hakimu tangu enzi za santuri. Anaonyeshwa mjinga, anamhukumu mjinga, anaondoka amefurahi kwamba yeye si mjinga. Ujumbe ameusikia wote na anaweza kuurudia neno kwa neno, lakini haujamgusa. Tukakubaliana kwamba kila filamu iliyobaki tutaipima kwa swali moja: anayetoka ukumbini, anatoka akiwa hakimu wa wenzake au anatoka akiwa na swali juu yake mwenyewe?

Zilibaki mbili. Ya kwanza ni *Shuga*, tamthilia ya MTV iliyopigwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa Novemba 2009. Ilikuwa na sehemu chache fupi, ilikuwa mpya, na vijana wake walivaa na kuongea kama sisi. Tena iligawiwa bila malipo ya haki, jambo kubwa kwa klabu isiyo na fungu. Lupita Nyong'o, ambaye wakati huo dunia ilikuwa bado haijamjua, anaigiza Ayira, msichana msomi mwenye malengo ambaye ana mpenzi wa rika lake lakini anavutwa na mwanamume mwenye cheo na fedha. Ya pili ni *Yellow Card*, filamu ya Zimbabwe ya mwaka 2000 iliyoongozwa na John Riber. Ndani yake kuna Tiyane, mvulana wa shule mwenye kipaji cha mpira, anayelala mara moja na rafiki yake Linda, kisha moyo wake unahamia kwa msichana mwingine, wa familia yenye uwezo. Linda anapata mimba. Mtoto anapozaliwa, anamwachia Tiyane.

Kamati iligawanyika nusu kwa nusu. Makamu mwenyekiti, dada mmoja wa mwaka wa tatu aliyekuwa na kawaida ya kunyamaza mpaka wengine wachoke, akatoa pendekezo lililomaliza ubishi: tusipige kura. Tuwaite wanafunzi wachache wasio wanaklabu, wasichana kwao na wavulana kwao, watazame zote mbili, na sisi tuandike watakachosema baada ya filamu kwisha. Tusiwaulize kama wameipenda. Tunyamaze na kusikiliza.

Mimi nilikaa na wavulana. Chumba kilikuwa cha hosteli, vitanda vya deka viwili, kompyuta ndogo juu ya ndoo iliyofunikwa kwa ubao, spika za mezani, na watu kumi na ushee wamejazana vitandani na sakafuni. Tulianza na *Shuga*. Walitazama kwa makini, wakacheka panapochekesha, wakasifia nyumba na magari. Ilipoisha, wa kwanza kusema alikuwa amelala kitanda cha juu, mikono kichwani. "Mmeona? Hawa ndio madem wa chuo." Chumba kizima kikamuunga mkono. Kila mmoja akawa na mfano wa msichana anayemjua: yule anayefuatwa na gari Ijumaa, yule mwenye simu ya bei. Maneno yakaenda kwa zaidi ya nusu saa na hakuna hata mmoja aliyesema lolote juu ya yule mpenzi kijana, wala juu ya yule mwanamume mwenye cheo, wala juu yake mwenyewe. Kwenye daftari langu kurasa zote zilikuwa hukumu.

Siku iliyofuata tuliweka *Yellow Card*. Mwaka ule ulikuwa wa Kombe la Dunia la Afrika Kusini, mpira ulikuwa bado uko midomoni, kwa hiyo kijana wa kandanda aliwashika tangu mwanzo. Walimpenda Tiyane. Walitaka afunge, walitaka ampate yule msichana mpya. Mimba ilipotajwa kukawa na miguno. Lakini mtoto alipoachwa mikononi mwa Tiyane, chumba kilipoa. Hata wale waliokuwa wakichati kwenye simu waliziweka chini.

Filamu ilipokwisha walikaa kidogo. Kisha mmoja akajaribu kurudi kwenye njia ya jana: "Lakini mama gani huyo anamwacha mtoto?" Aliyekuwa ameketi sakafuni, mgongo ukiegemea kabati, akamjibu bila kumtazama, "Na yeye aliyeachwa peke yake miezi tisa?"

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza. Mwanafunzi kutoka Shinyanga, ambaye sikumbuki kumsikia akiongea kabla ya siku ile, alisema alipokuwa kidato cha tatu msichana wa darasa lao alipata mimba akafukuzwa shule. Wote darasani walimjua aliyempa. "Tulifanya naye mtihani wa kidato cha nne," alisema. "Alikaa dawati la mbele yangu. Hakuna aliyemuuliza kitu." Kanuni za elimu za wakati huo ziliruhusu msichana aliyepata mimba aondolewe shuleni, na kila aliyekuwa chumbani alikuwa na darasa lenye kiti cha namna hiyo kilichobaki wazi. Mwingine akauliza, sauti ikiwa chini, ukiambiwa una mimba yako unatakiwa ufanye nini, unaanzia wapi. Mwingine akauliza kondomu ikipasuka kuna muda gani. Mwingine akasema mpenzi wake humeza P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, karibu kila wiki na yeye hajawahi kuuliza kama ina madhara. Nilikuwa nimeishi na wavulana hawa miaka miwili, nikala nao, nikacheza nao mpira, na maswali yale sikuwa nimeyasikia.

Kwa wasichana matokeo yalikuwa tofauti kidogo. *Shuga* iliwagusa zaidi, walimwelewa Ayira kuliko wavulana walivyomwelewa, na walimtetea. Lakini makamu mwenyekiti alirudi na jambo ambalo hatukulitarajia. Baada ya *Yellow Card* wasichana waliuliza hivi: wavulana wataitazama? Waliposikia kwamba ndiyo, wakasema basi onyesheni hiyo, maana sisi tumeambiwa "jihadharini" tangu darasa la tano.

Uamuzi ukawa umefanyika. Tulichagua *Yellow Card* kwa sababu iliwanyang'anya wavulana kiti cha hakimu. Kampeni nyingi za afya ya uzazi tulizokulia zilimpa binti mzigo wote, zikimtaka ajitunze, aseme hapana, asidanganyike, na kumwacha mvulana kuwa hatari inayopita njia, isiyosemeshwa. Filamu ile ilimkabidhi mvulana mtoto na kumuuliza atafanya nini, na waliokuwa wakimtazama wakalazimika kujiuliza naye.

Maandalizi yaliyobaki nayaeleza kwa kifupi, ila yasidharauliwe. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka filamu zinazoonyeshwa hadharani zipate kibali cha bodi, na haki ya kuonyesha ni mali ya mwenye filamu. Klabu ya afya isiyofuata utaratibu inaweza kufungiwa mlango dakika ya mwisho, na watu wakabaki na habari ya kufungiwa badala ya habari ya afya. Viongozi wa dini chuoni tuliwaita waitazame filamu kabla, nao walipoona hakuna tunachoficha, wakaitangaza wenyewe. Muhimu zaidi, sista aliitazama yote akiwa na kalamu. Aliandika kila mahali ambapo mwanafunzi angetoka na swali la kitabibu, akayatayarishia majibu. Dawa za dharura za kuzuia mimba kama P2 humezwa mapema kadiri inavyowezekana, ndani ya saa 72, na zinavyochelewa ndivyo nguvu inavyopungua. Hazizuii UKIMWI wala ugonjwa wowote wa zinaa, na hazikutengenezwa ziwe njia ya kila wiki. Aliyebakwa, au aliyeingia kwenye hatari ya kuambukizwa virusi, naye awahi hospitali ndani ya saa hizohizo 72, kwa sababu kuna dawa za kuzuia maambukizi yasishike. Filamu haikuyasema haya yote, wala haikuwa kazi yake. Ilikuwa kazi yetu.

Usiku wa kuonyesha ukumbi ulijaa mpaka waliosimama nyuma. Hatukuisimamisha filamu katikati kutoa mafunzo, na hapakuwa na hotuba ya mgeni rasmi. Kila aliyeingia alipewa kipande cha karatasi, na sanduku la maswali likapitishwa baada ya filamu ili mtu asilazimike kusimama na kuonekana. Maswali ya karatasi yalitangulia, ya midomo yakafuata. Wavulana waliuliza kuliko wasichana, jambo ambalo klabu yetu haikuwa imewahi kuliona. Kisha karatasi moja ikasema: filamu inahusu wavulana wa rika letu, je, mwalimu anayetaka ngono ili akupe maksi, huyo anasemwa wapi? Ukumbi ulipiga makofi kabla msomaji hajamaliza. Sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 ilikuwa imeshaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa, na wengi waliokuwa pale walikuwa hawajui. Filamu ya Zimbabwe ya mvulana wa mpira ilikuwa imefungua mlango ambao hakuna kati yetu aliyeupanga. Foleni kwa sista ilidumu mpaka mlinzi alipokuja kuomba funguo, na waliosimama humo wengi walikuja wawili wawili.

Miaka iliyofuata nimesoma zaidi kuhusu jambo hili, na tafiti zimenithibitishia kwamba hadithi inaweza kubadili matendo ya watu. Tanzania yenyewe ilitoa ushahidi mapema. Mchezo wa redio *Twende na Wakati* ulipoanza kwenye Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993, eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995 ili watafiti waweze kulinganisha, na walikuta kwamba katika maeneo yaliyousikia matumizi ya uzazi wa mpango na tahadhari dhidi ya UKIMWI viliongezeka zaidi. Wasikilizaji walimfuata Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi njiani, sehemu baada ya sehemu, wakizungumza juu yake majumbani. *Shuga* nayo, ileile ambayo wavulana wetu waliigeuza hukumu, baadaye ilifanyiwa toleo la Nigeria na kujaribiwa kusini magharibi mwa nchi hiyo kwa vijana wapatao 5,000. Walioitazama walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kwenda kupima virusi vya UKIMWI, na maambukizi ya klamidia kwa wanawake yalipungua kwa zaidi ya nusu. Hilo halipingani na tulichokiona hosteli. Linasema tu kwamba filamu haipimwi ikiwa kwenye kasha lake. Inapimwa mbele ya watu inaowaendea.

Nawaandikia haya wale ambao mwaka huu wamekabidhiwa kazi niliyokabidhiwa mimi. Hali imebadilika kwa kiasi. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa mimba kurudi shuleni, na tangu 2019 kijana wa miaka 15 anaweza kupima virusi vya UKIMWI bila idhini ya mzazi. Lakini Utafiti wa Kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, mwaka 2015-16 ikapanda hadi 27, na mwaka 2022 ilikuwa 22. Katika miaka hiyo kumi na miwili tulisogea hatua moja. Vijana wana filamu zote za dunia kwenye simu zao, wanazitazama peke yao, masikio yakiwa yamezibwa kwa vipokea sauti. Wanachokosa ni ukumbi wenye wenzao, mtu mzima anayejua majibu, na hadithi itakayowafanya wathubutu kuuliza.

Kwa hiyo msichague filamu kwa jina lake, wala kwa tuzo, wala kwa sababu mfadhili ameituma. Itazameni mpaka mwisho kabla ya mtu mwingine. Mkague kama inayosema juu ya ugonjwa na tiba bado ni kweli leo. Mkusanye wachache wasio wanaklabu, muwaonyeshe, mfunge midomo, msikilize. Wakianza kuwataja wenzao, irudisheni kabatini. Wakianza kuuliza maswali yao wenyewe, mwiteni nesi, tafuteni kibali, na mfungue ukumbi. Na hakikisheni wavulana wamo ndani.